Bonde la Dakika ya Nne

Hewa ya Mafinga imefika Mbeya kwa basi la alfajiri,
chupa sita ndani ya deli la barafu
lililowahi kubeba samaki; harufu ya perege haijalitoka.
Karatasi ina mwandiko wa Obadia Mgovano:
*Mashine ya gundi. Kola ya T. Luvanda. Saa nane.*
Chini ameongeza: *saa nane za kazi, si za mchana,*
maana ananijua ninavyouliza.

Hewa haishikiki. Ukiifumbata, umefumbata kiganja chako.
Kwa hiyo tuliibembeleza iingie majini:
pampu ndogo kiunoni mwa mama mmoja,
mpira mwembamba hadi kwenye kola,
na maji safi ndani ya chupa, yakitokota bila moto
kutwa nzima, huku yeye akipanga ganda la paini
juu ya ganda la paini, gundi katikati.
Wenzake walimcheka: Tulalumba, umemeza chura?

Sasa mrija.
Ni kioo kilichovutwa hadi kikawa unywele,
kinapinda, hakikatiki,
na tundu lake hata sisimizi asingepenyeza kucha.
Nimeuosha. Nimeujaza maji ya kromati,
manjano kama alizeti iliyokamuliwa jana.
Nimeunywesha tone la chupa ya kwanza,
kisha volti elfu ishirini na tano,
nikiwaomba TANESCO wanisitiri dakika kumi tu.

Wanakimbia.
Wepesi wenye chaji nyingi mbele, wazito nyuma,
kama watoto wanaoshuka Loleza wakisikia kengele ya uji.
Kloridi kwanza: hiyo ni jasho, hakuna asiye nayo.
Salfeti. Naitreti.
Kisha, dakika ya nne,
asidi ya siafu.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kuiita,
kwa kuwa wa kwanza kuipata waliikamua kwa wadudu.
Ndani ya gundi ilikuwa bado fomalini,
ileile ya chumba cha maiti;
ni mimi niliyeigeuza, kwa matone ya peroksaidi,
ili ipate chaji, ijue kukimbia.

Watu hudhani tunaiona. Hatuioni.
Taa inatazama manjano yakipita.
Asidi haina rangi; ikija inayasukuma kando
na mwanga unapenya pale palipoachwa wazi.
Kwenye skrini hapasimami kilele.
Mstari unakwenda umelala, kama barabara ya Chimala,
ghafla unaporomoka,
halafu unajikongoja kupanda.
Tunapima pengo.
Kwa pengo tunajua nani alipita.

Chupa ya kwanza, bonde.
Ya pili, bonde.
Ya tano niliirudia mara tatu, nikabadili mrija,
nikanawa hadi viwikoni, nikiomba kosa liwe langu.

Nikampigia Obadia. Nikamtajia tarakimu.
Akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.
*Mama Luvanda hayupo wiki ya pili,* akasema. *Macho.*
*Na mashine yake?*
*Wameweka kijana.*
Kisha, bila kuulizwa:
*Asubuhi kwenye foleni ya kadi
watu bado wanaruka nafasi yake.*

Ilibaki ya sita.
Hiyo tuliichukua nyumbani kwake, Changarawe,
usiku, dirisha wazi, ya kulinganishia tu.
Niliitaka kama mtu anavyotaka maji baada ya dawa chungu.
Nilitaka mstari ulale.

Dakika ya pili, shwari.
Ya tatu, shwari.
Ya nne ukazama,
kidogo, kama godoro likikaliwa na mtoto.

*Obadia, chupa hii uliitundika wapi?*
*Kwenye msumari, ukutani.*
*Peke yake?*
*Hapana. Msumari ulikuwa mmoja.
Palikuwa na koti lake la kazi.*